William Seymour: Mtu Aliyefungiwa Milango, Naye Akafunga Mmoja



Nilipoombwa niandike maisha ya mtumishi mmoja wa zamani kwa ajili ya jarida hili la kumbukumbu, nilimchagua William Joseph Seymour. Najua utasema, aa, huyo si tunamjua? Azusa, moto, kunena kwa lugha, watu kumiminika kutoka kila pembe. Kweli tunamjua, lakini tunaijua ile nusu tamu. Wahubiri wetu wakifika mwaka 1906 husimama hapo na kupiga haleluya, halafu wanakunja Biblia. Ndugu huyu aliishi miaka 16 zaidi baada ya hapo, na katika miaka hiyo alikutana na swali ambalo sisi katika ushirika huu tunalibeba kimya kimya: mwamini amwache mwamini mwenzake lini?

Usijifanye hulijui swali hilo. Katika kusanyiko letu moja niliwaona ndugu wawili waliopanda basi moja, wakagongewa mihuri kwenye mpaka mmoja, wakalala ukumbi mmoja, na kwa siku zote zile hawakupeana mkono. Niliwaendea mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa na andiko lake. Mmoja alinipeleka Warumi 16, mwingine akanipeleka 1 Wakorintho 5. Hakuna aliyefungua Mathayo 18. Basi soma habari za Seymour ukiwa na hao wawili mawazoni, au kama ni wewe, basi wewe.

Alizaliwa tarehe 2 Mei 1870 huko Centerville, katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Wazazi wake, Simon na Phillis, walikuwa watumwa kabla ya vita vya kule kumaliza utumwa, na baba yake alivaa sare ya jeshi la kaskazini katika vita hivyo. Mtoto alibatizwa Mkatoliki. Umaskini ulikuwa umaskini kwelikweli. Alipokuwa kijana aliondoka kusini, akafanya kazi ya kuhudumu mezani katika mahoteli ya Indianapolis, kisha akafika Cincinnati. Huko aliingia kati ya watu wa utakatifu, wale waliofundisha kwamba mtu akiokoka kuna neema ya pili ya kutakaswa moyo. Huko pia ndui ilimkamata, ikamwacha na jicho moja. Tangu hapo alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, asiye na mbwembwe. Ukimwona usingedhani ni yeye.

Mlango wa kwanza uko Houston, Texas. Mwishoni mwa 1905 mhubiri wa Kizungu aitwaye Charles Parham alifungua shule ya Biblia pale, akifundisha kwamba ishara ya kujazwa Roho Mtakatifu ni kunena kwa lugha. Dada Lucy Farrow, mchungaji mweusi aliyewahi kufanya kazi nyumbani kwa Parham, ndiye aliyemwelekeza Seymour huko. Sheria za Texas zilikataza weusi na weupe kukaa darasa moja. Parham naye hakuwa mtu wa kuipinga sheria hiyo. Kwa hiyo Seymour aliwekwa kwenye ujia, mlango ukaachwa wazi kidogo ili asikie. Hebu fikiri. Unafundishwa habari za Pentekoste, siku ambayo mataifa yote yalisikia kwa lugha yao, na wewe umekaa nje ya mlango kwa sababu ya ngozi yako.

Je, hapo palikuwa pa kujitenga? Wengi wetu tungesema ndiyo, na tungekuwa na haki. Yeye alikaa, akasikiliza, akaamini alichosikia. Hata baadaye alimheshimu Parham kama mwalimu wake. Sisemi wote tufanye vile. Nasema tu alivyofanya.

Mlango wa pili uko Los Angeles. Dada mmoja aitwaye Neely Terry alikuwa amemsikia Houston, akarudi kwao akamsifu, na mchungaji wake, Julia Hutchins, akamwita Seymour aje kuwasaidia. Alifika Februari 1906. Akahubiri kutoka Matendo 2, kwamba asiyenena kwa lugha bado hajabatizwa kwa Roho. Na angalia, yeye mwenyewe alikuwa bado hajanena! Mama Hutchins aliona hayo ni mafundisho mageni. Watu wake walijihesabu kuwa wametakaswa na kujazwa tayari, halafu mgeni anakuja kuwaambia bado. Seymour aliporudi kwa ibada nyingine alikuta mlango umefungwa kwa kufuli.

Yuko mji wa watu, hana nauli, hana kanisa. Familia moja, akina Edward Lee, ikampa pa kulala. Alichofanya ni kuomba. Hakuanza kuhubiri habari za mwanamke aliyemfungia mlango. Maombi yakahamia nyumba ya akina Asberry, barabara ya Bonnie Brae, na tarehe 9 Aprili 1906 watu wakaanza kunena kwa lugha. Siku chache baadaye Seymour naye akapokea. Umati ulijaa hadi nyumba haikutosha, ndipo wakapata lile jengo la mtaa wa Azusa, namba 312. Lilikuwa kanisa zamani, likageuka ghala na zizi la farasi. Sakafu ilikuwa ya udongo na maranda, viti ni mbao zilizolazwa juu ya vikasha, na mimbari ni makreti mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine. Mara nyingi Seymour aliingiza kichwa chake ndani ya kreti la juu wakati wa ibada, akaomba humo. Mkutano uliendelea mara tatu kwa siku kwa takriban miaka mitatu. Weusi, weupe, Wameksiko na wengine wengi walipiga magoti pamoja, katika nchi na wakati ambao watu weusi walikuwa wakinyongwa kwa sababu ya kutazamana vibaya na mzungu.

Sasa kuna jambo ambalo wahubiri wetu hulipita mbio. Julia Hutchins, yule yule wa kufuli, alikuja Azusa. Akapokea kile alichokikataa. Na mwaka huo huo wa 1906 akatoka pale kwenda Liberia, huku kwetu Afrika, kama mmisionari. Aliyemfungia Seymour mlango alitumwa kutoka mlangoni mwa Seymour. Kama Seymour angemtangaza kuwa adui wa Roho, kama angewakataza watu wake wasimsalimu, unadhani mama yule angepata wapi ujasiri wa kuingia? Wakati fulani mtu anahitaji kuona kwamba jina lake halijatajwa vibaya mle ndani ndipo aingie.

Oktoba 1906 akaja Parham mwenyewe. Seymour ndiye aliyemwalika, na gazeti lao lilikuwa limetangaza kuja kwake kwa furaha. Parham alipoingia, alichoona kilimchefua: weusi na weupe wakikumbatiana madhabahuni, watu wakianguka, kelele. Alisimama akakemea kwa maneno ya dharau juu ya watu weusi ambayo siwezi kuyaweka katika jarida hili. Baada ya kuhubiri mara chache wazee wa Azusa wakamwambia hatakiwi tena. Akaenda kufungua mkutano wake wa kushindana katika mji huo huo.

Hapa utengano ulitokea, na mimi sioni wangefanyaje vingine. Parham hakukosea tu adabu. Aligusa kile kitu ambacho mkutano ule ulikuwa umekaa juu yake, kwamba damu ya Yesu haitazami rangi. Lakini tazama namna walivyotengana. Gazeti la Azusa halikumwaga uchafu wake. Lilieleza kwa ufupi kwamba walifanya haraka kumtangaza kuwa kiongozi kabla ya kumngoja Bwana. Yaani kosa walilolitaja lilikuwa lao wenyewe. Mpendwa, wewe ni lini uliandika katika lile kundi la simu la maombi kwamba kosa ni lako? Seymour na Parham hawakufanya kazi pamoja tena. Parham aliendelea kuisema vibaya Azusa kwa miaka.

Mwaka 1908 likaja lingine, na hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu halikuhusu mafundisho makubwa. Tarehe 13 Mei Seymour alimwoa Jennie Evans Moore, dada aliyekuwa mmoja wa wa kwanza kupokea katika nyumba ya Bonnie Brae. Baadhi ya wafanyakazi walikasirika. Dada Florence Crawford, aliyekuwa msaidizi mkubwa, aliona Bwana yu karibu kurudi, sasa mambo ya kuoana ya nini? Akahamia Portland, Oregon, akaanza kazi yake. Clara Lum, mhariri wa gazeti, akamfuata. Alipoondoka, orodha za majina na anwani za wasomaji ziliondoka pia. Gazeti lile lilikuwa limefika maelfu kwa maelfu ya nyumba, hata ng'ambo, likigawiwa bure. Kuanzia hapo lilichapwa Portland. Seymour na mkewe walisafiri hadi kule kuomba orodha zao. Walirudi Los Angeles mikono mitupu.

Sisi wa leo tunajua maana yake. Ni kama mtu aondoke na daftari la washirika, nywila za akaunti na namba za simu zote, halafu aendelee kutuma ujumbe kwa jina lile lile. Wasomaji wa mbali hawakujua kilichotokea. Barua na sadaka zao zikaelekea kwingine. Azusa ikanyamaza mbele ya ulimwengu, si kwa sababu Roho alikuwa ameondoka bali kwa sababu anwani zilikuwa zimeondoka. Hakuna aliyekuwa mzinzi hapo, wala aliyekana uungu wa Kristo. Watu wa Mungu waliachana kwa sababu ya harusi na orodha ya majina.

Mlango wa tatu ndio ule alioufunga mwenyewe.

William Durham alikuwa mchungaji Chicago. Alikuja Azusa mwaka 1907, akapokea pale, akarudi kwao na moto. Alikuwa mtoto wa nyumba, tuseme hivyo. Lakini akaanza kufundisha tofauti. Seymour alifundisha hatua tatu: unaokoka, kisha unatakaswa kwa tendo la pili la neema, kisha unabatizwa kwa Roho. Durham akasema hapana, utakaso umo ndani ya kazi ambayo Kristo aliimaliza msalabani, unaupokea unapoamini, na unakua ndani yake maisha yako yote. Hakuna tendo la pili. Mapema 1911, Seymour akiwa safarini mashariki ya nchi, Durham alifika Los Angeles na kupewa mimbari ya Azusa. Jengo lililokuwa limepungua watu likajaa tena. Wazee wa kanisa wakampelekea Seymour habari arudi upesi.

Alirudi. Alizungumza na Durham, akamwomba aache mafundisho yale katika nyumba ile. Durham hakukubali, maana umati ulikuwa upande wake. Mwezi Mei 1911 Seymour na wazee wake wakafunga milango ya Azusa kwa mnyororo na kufuli. Yule aliyewahi kufungiwa kufuli kwa sababu ya mafundisho mapya, sasa yeye ndiye aliyefunga.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Kuna wanaosema Seymour aliona wivu kwa sababu umati ulimfuata mwingine. Mimi siamini hivyo. Mchungaji akirudi safari akakuta mgeni amegeuza kundi lake, ana haki ya kumwondoa mimbarini. Wala hakuanza na kufuli, alianza kwa kuongea naye uso kwa uso kama Mathayo 18 inavyotuelekeza, kisha akawahusisha wazee. Hayo yote alifanya vizuri. Ila mnyororo haukumfungia Durham peke yake. Ulimfungia na yule mama aliyekuja kuomba kwa ajili ya mtoto mgonjwa, na kijana aliyesafiri kutoka mbali. Kumnyima mtu mimbari ni jambo moja, kuwanyima watu nyumba ni lingine, na nadhani siku ile mambo hayo mawili yalichanganyika mkononi mwa ndugu yetu. Durham alikwenda kukodi ukumbi si mbali, watu wakamfuata kwa mamia. Frank Bartleman, aliyekuwa mwandishi maarufu wa habari za uamsho ule, naye akaenda. Azusa ikabaki na watu wachache, wengi wao weusi. Mwaka uliofuata, Julai 1912, Durham akafariki, umri wake haujafika hata miaka 40. Walikuwa hawajapatana.

Sasa hapa nisimame kidogo, maana jambo hili limo ndani ya ushirika wetu hata kama hatulisemi. Mafundisho yale yaliyoleta mnyororo, leo yameketi benchi moja. Angalia safu yako ukumbini. Wako kati yetu waliotoka makanisa ya utakatifu, wanaofundisha hatua tatu kama Seymour. Wako pia, na nadhani ni wengi zaidi, waliotoka makanisa ya Assemblies na jamaa zake, yaliyochukua njia ya Durham mwaka 1914 na kuendelea. Mkesha ukifika saa nane usiku na watu wanaomba, hebu niambie nani ni nani. Huwezi. Wanapika chungu kimoja, wanapeana blanketi. Sisemi tofauti ile haikuwa kitu. Ni mafundisho, na mafundisho yana uzito. Nasema jambo ambalo mwaka 1911 lilitosha kufunga kanisa kwa mnyororo, sisi tumelibeba pamoja miaka yote hii, halafu tunashindwa kubeba deni la nauli ambalo mtu hajalipa, au nani aliitwa mgeni rasmi.

Turudi kwa Seymour, maana hakuishia hapo, na kinachofuata si rahisi kukisoma. Mwaka 1913 palikuwa na kambi kubwa ya Wapentekoste Arroyo Seco, karibu na Los Angeles. Seymour alihudhuria. Wahubiri wengi walikaa jukwaani, yeye alikaa chini kati ya watu kama mtu yeyote. Wengi waliokuwa pale wasingekuwa na habari yoyote ya Pentekoste kama si yeye. Mwaka uliofuata viongozi, karibu wote weupe, wakakutana Hot Springs, Arkansas, wakaunda shirika lao.

Mwaka 1915 Seymour alichapa kitabu cha taratibu za kanisa lake. Humo aliweka kanuni kwamba uongozi wa misheni ushikwe na watu weusi. Ndugu weupe wangekaribishwa kama washirika, wapendwe, waabudu, lakini wasishike madaraka. Alieleza kwamba hafanyi hivyo kwa chuki, bali kuzuia ugomvi, kwa sababu kila mgawanyiko ulioipata Azusa ulikuwa umeletwa na watu wa nje waliotaka kuitawala. Mtu aliyeuona ukuta wa rangi ukianguka mbele ya macho yake, sasa anauandika ukuta katika kanuni. Mimi kanuni ile siwezi kuisifu. Lakini aliyewahi kuibiwa mara tatu akiweka komeo, sina haraka ya kumrushia jiwe. Na ujue kwamba hata hapo hakumkataza mtu kuingia. Parham na Durham na wengine walipotaka kuwaacha waumini wenzao waliondoka na watu. Seymour mwisho wa yote alilinda kiti, lakini meza aliiacha wazi.

Katika miaka ile ya mwisho mahubiri yake yalibadilika jambo moja. Yeye aliyefungiwa mlango kwa kusema lugha ndiyo ishara ya Roho, akawa akisisitiza kwamba ishara kubwa ni upendo, na kwamba mtu akinena kwa lugha huku akimdharau ndugu yake, hiyo Pentekoste ina kasoro. Aliona wengi wakinena. Aliona pia waliyomfanyia.

Kanisa lilikuwa limebaki na watu labda ishirini hivi siku za kawaida. Yeye alisafiri, akahubiri katika makanisa madogo ya weusi huku na huku, akarudi. Wazungu waliokuja kutembea pale walikaribishwa. Tarehe 28 Septemba 1922 maumivu yalimshika kifuani, akafariki siku hiyo hiyo, akiwa na miaka 52. Walimzika kwenye makaburi ya Evergreen, Los Angeles.

Jennie, yule dada ambaye harusi yake iliwafanya watu waondoke na gazeti, ndiye aliyeendelea kulichunga kundi. Akafundisha, akapiga kinanda, akafungua mlango kila siku ya ibada. Mwaka 1931 jengo la Azusa likabomolewa. Wachache waliobaki wakarudi kukutana nyumbani, kama walivyoanza, mpaka yeye naye alipolala mwaka 1936.